Antena Kwenye Kompyuta, Kabla ya Kukata Waya

Vijana kadhaa wanaojifunza redio za ridhaa wametuuliza: tutaanzia wapi na vyombo hatuna? Jibu letu ni hili: anzieni kwenye kompyuta. Kurusha mawimbi hewani bila leseni ni kosa kisheria hapa Tanzania, na kwa mkimbizi kosa kama hilo linaweza kuiletea familia nzima matatizo. Kuchora antena kwenye kompyuta hakuhitaji leseni. Tena waya haupotei bure.

Programu zipo. EZNEC, ya Mmarekani Roy Lewallen, zamani ilikuwa ya kununua. Tangu 2022 inatolewa bure. Ipo pia MMANA-GAL, ambayo toleo lake la kawaida ni la bure. Ukishaiweka kwenye kompyuta, haikudai intaneti kila mara.

We anza na waya mmoja ulionyooka, unaolishwa katikati. Chukua 143, gawanya kwa masafa ya megahezi. Kwa 7.1 utapata mita 20 na kidogo. Programu inataka namba za ncha mbili: moja mita 10 kushoto, nyingine mita 10 kulia, zote juu mita 6. Halafu utaulizwa waya ugawanywe vipande vingapi, maana hesabu ya umeme inapigwa kipande kwa kipande. Weka 21, siyo 20. Namba ikiwa witiri, kipande kimoja kinakaa katikati kabisa, na hapo ndo unapoweka chanzo cha umeme. Na usisahau kuchagua ardhi ya kweli. Usipofanya hivyo, programu inaweza kudhani antena yako inaelea angani peke yake.

Sasa fungua picha ya mawimbi. Kwa mita 6 utaona yametuna kwenda juu kama puto. Wengi hapo wanakata tamaa, ati antena mbaya. Hapana! Mawimbi yanayopanda juu yanaweza kurudishwa na tabaka la juu la anga, yakashuka karibu, ndani ya kilomita mia chache. Kutoka Kigoma hadi Bukavu, kwa mstari ulionyooka, hazifiki 300. Ila ukimtaka mtu wa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, futa 6 uandike 20, uone picha inavyolala pembeni. Mlingoti wa mita 20 tutautoa wapi? Ndiyo maana tunasema jaribuni kwanza kwenye kompyuta, huko mlingoti ni wa bure.

Programu ikikuonyesha waya unaitika kwenye 6.9 badala ya 7.1, ni mrefu, upunguze kidogo. Lakini bati la nyumba ya jirani haiioni, wala mti utakaofungia kamba, kama hukuviandika. Kwa hiyo siku ya kukata waya wa kweli, acheni sentimita 30 za ziada kila upande. Na msiutundike kamwe karibu na nyaya za umeme.