Fahamu: Seva ya wavuti ndani ya bodi ya ESP32

ESP32, chipu iliyotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Espressif ya Shanghai, huuzwa kwenye bodi inayoenea kiganjani, nayo huweza kuhudumia kurasa za wavuti hata pasipo intaneti. Ina redio ya Wi-Fi na kumbukumbu ya kilobaiti 520 tu.

Programu huandikwa kwenye kompyuta, mara nyingi kwa Arduino IDE, kisha hupakiwa kwa waya wa USB. Programu ikiagiza hivyo, bodi ikiwashwa hurusha mtandao wake yenyewe wa Wi-Fi. Simu ikishajiunga, fungua kivinjari uandike anwani ya bodi, ambayo kwa kawaida ni 192.168.4.1. Ombi hufika kwenye porti namba 80. Bodi husoma kilichoombwa, tuseme /joto, huuliza kihisio cha joto kilichounganishwa nayo, kisha hurudisha ukurasa wenye kipimo.

Kumbukumbu ndogo ndiyo mtihani wenyewe: kurasa ziwe nyepesi. Tena programu ikikwama kusubiri kihisio, wanaoomba ukurasa nao husubiri.

Kwenye usalama nasisitiza: HTTP, itifaki inayobeba kurasa hizi, haifichi chochote. Weka nywila ya Wi-Fi, herufi nane au zaidi, na bodi inayoendesha pampu au kufuli usiiache wazi kwenye intaneti.