Klarineti ya Marehemu Ina Thamani Gani?

Ada za shule zikidaiwa, macho ya wenye nyumba hugeukia masanduku ya marehemu. Katika nyumba ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, sandukuni mwaweza kuwamo jambia, saa mbovu, na pengine klarineti ya mzee aliyepata kuipiga katika bendi ya polisi au ya Keya, au katika kikundi cha taarabu. Hapo ndipo mchuuzi anapobisha hodi. Huigeuzageuza, huguna, husema ni kuukuu, kisha hutaja bei yake.

Asipewe. Ala hiyo ni mirathi, na mirathi haigawanyiki kwa haki pasipo kukadiriwa. Kijana anayeiuza kwa bei ya kutupa ili alipe karo yake huwa ameuza na fungu la mama yake na la dada zake.

Wala mwenye nayo asidhani ukongwe peke yake ni mali. Fidla njema huweza kupanda thamani kwa miaka mingi. Klarineti aghalabu huchakaa kwa pumzi na unyevu. Tena, nyingi za kale za Kiingereza zilitengenezwa kwa sauti ya juu kuliko ile inayotumika leo, hata haziwezi kupatana na piano. Nyingine zina mpangilio wa vibonyezo uliopitwa na ule uliosajiliwa Paris mwaka 1844. Hizo huwapendeza wakusanyaji wachache tu.

Basi litazamwe jina lililopigwa chapa kwenye mti, na nambari. Kwa ala za Buffet Crampon, kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1825, nambari humwonyesha mjuzi umri wa ala. Nambari ya kipande cha juu ikitofautiana na ya kipande cha chini, yamkini ni ala mbili zilizoungwa. Zitafutwe nyufa, hasa kipande cha juu. Upepo wa chumvi wa Ngomeni nao hauvihurumii vibonyezo. Lakini isitengenezwe kabla ya kukadiriwa, kwani kubadilisha vifuniko vyote vya matundu huweza kugharimu kuliko ala yenyewe. Na anayeulizia bei aulize ala ya aina hiyo imenunuliwa kwa kiasi gani. Bei anayoitaja muuzaji ni matumaini yake tu.

Kuna jambo linalonikereketa. Mti mweusi wa klarineti njema ni mpingo, ule ule wachongao Wamakonde, nao huvunwa Tanzania na Msumbiji. Huenda Ulaya ukiwa vipande vya mbao, ukarudi kwa bei isiyofikiwa na shule zetu. Zamani ungalisafirishwa bila swali la kibali hicho. Tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Hata hivyo, ala zilizokwisha kutengenezwa ziliondolewa katika sharti hilo Novemba 2019. Mchuuzi anayepunguza bei kwa kisingizio cha kibali cha mpingo anauza habari iliyochacha.

Ikiwa bei ya kweli itaonekana ndogo, mimi ningewashauri warithi waikodishe kwa shule msimu wa mashindano ya muziki. Vyovyote vile, kwanza inunuliwe utete mpya, na mpigaji hodari aipulize mbele ya warithi wote, mchuuzi akisikiliza.