Kabla ya Kununua Saa Kuukuu Iliyokarabatiwa

Kamati yetu ilinunua saa ya mkono ya kutia ufunguo, HMT ya India, ili kumuaga katekista wetu. Uso wake uling'aa kama mpya. Mvua ya kwanza ikaisimamisha. Kwa kuwa fedha zilikuwa za waumini, tunawashirikisha tuliyojifunza.

HMT ilianzisha kiwanda cha saa Bangalore mwaka 1961, ikishirikiana na Citizen ya Japani. Mwaka 2016 serikali ya India iliamua kuifunga kampuni hiyo ya saa. Hivyo vipuri vingi hutolewa katika saa nyingine kuukuu, na baadhi ya saa hupakwa rangi usoni bila mashine kusafishwa.

Kabla ya kulipa:

1. Fundi saa afungue kifuniko cha nyuma, atazame kutu.
2. Itieni ufunguo, kisha baada ya saa 24 mlinganishe na redio. Ikipotea dakika nyingi, inahitaji kusafishwa.
3. Mpira wa kuzuia maji hukauka. Ivuliwe wakati wa mvua na kunawa.

Kuitengeneza kuligharimu kuliko kuinunua. Wanakamati tulichanga wenyewe, na leo mzee anaivaa kila siku.