"Hajaleta" na "Hakuleta" katika Daftari la Alama la Mtandaoni

Kiswahili hutenganisha kwa kiambishi kimoja tu hali mbili ambazo kila mhadhiri hukutana nazo muhula hadi muhula. Mwanafunzi ambaye hajaleta insha yake angali anangojewa. Yule ambaye hakuileta, muda umekwisha kumpita. Kiambishi -ja- huliacha jambo wazi, ilhali -ku- hulifunga. Daftari la alama la mtandaoni halina tofauti hiyo. Ndani yake hali zote mbili huonekana kwa sura moja, yaani kisanduku kitupu, na namna programu inavyokisoma kisanduku hicho ndiyo aghalabu huamua iwapo mwanafunzi amepita au ameanguka. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi usomaji huo unavyotendeka na jinsi mhadhiri anavyoweza kuutawala.

Mfano utakaotumiwa ni Moodle, programu iliyoanzishwa nchini Australia na Martin Dougiamas, na ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 2002. Programu hiyo hupatikana bila malipo, na kwa sababu hiyo imeenea sana katika vyuo vikuu, vya Kenya vikiwemo. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, wahadhiri wengi walilazimika kuingia katika mifumo ya namna hii kwa haraka, na daftari la alama likawa sehemu iliyofundishwa kidogo kuliko zote.

Jambo la kwanza ni uzito. Katika utaratibu wa kawaida wa Moodle, alama hujumlishwa kama zilivyo, na uzito wa kila kazi hutokana na alama zake za juu kabisa. Tuseme somo lina insha ya alama 20, jaribio la alama 40 na mtihani wa mwisho wa alama 100. Jumla ni 160, na mtihani umebeba asilimia 62.5, wala si 70 kama kanuni za vyuo vingi vya Kenya zinavyotaka. Dawa yake ni kuziweka kazi za muhula katika kundi moja lenye uzito wa 30, na mtihani peke yake kupewa 70. Hilo likifanywa kabla ya alama ya kwanza kuingizwa, halisumbui tena.

Kisanduku kitupu ndicho chenye taabu. Isipokuwa msimamizi wa mfumo ameubadilisha mpangilio, Moodle huviacha visanduku vitupu nje ya hesabu. Husema, kwa lugha yetu, kwamba kila asiye na alama "hajaleta". Mwanafunzi aliyepata 8 kati ya 10 katika insha, na ambaye hakufanya jaribio la alama 20, huonyeshwa asilimia 80. Mwenyewe huiona asilimia hiyo kila anapofungua ukurasa wake, akatulia. Hesabu ya haki, jaribio likihesabiwa sufuri, ni 8 kati ya 30, yaani asilimia 27 hivi. Mhadhiri akigeuza mpangilio ili visanduku vitupu vihesabiwe, kosa huhamia upande wa pili: katikati ya muhula mtihani haujafanywa, nao tayari unahesabiwa sufuri, hata mwanafunzi mwenye 24 kati ya 30 huonekana ana 24 kati ya 100. Sasa kila mmoja "hakuleta". (Neno sufuri lenyewe limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya utupu, lakini katika daftari la alama, utupu na sufuri ni vitu viwili mbali kabisa.)

Kwa hiyo mpangilio mmoja hautoshi kwa muhula mzima wala kwa wanafunzi wote. Lililo bora ni kuuacha utupu nje ya hesabu masomo yanapoendelea, kisha, muda wa kila kazi unapokwisha, kuandika sufuri kwa wale tu ambao hawakuileta. Yuko na mwanafunzi wa tatu, aliyeugua na kupewa ruhusa. Huyu si wa "hajaleta" wala wa "hakuleta". Moodle huruhusu alama ya mwanafunzi mmoja iondolewe katika jumla yake bila kuwagusa wenzake, nayo ni nyenzo ambayo wahadhiri hawaitumii inavyostahili.

Sufuri hiyo iandikwe wapi? Daftari lina njia ya kujaza visanduku vitupu vyote kwa mara moja, nayo inavutia pale darasa linapokuwa na wanafunzi 300. Hata hivyo, alama iliyoandikwa ndani ya daftari huishinda ile inayotoka katika kazi yenyewe. Mwanafunzi akikubaliwa baadaye kuleta insha yake, na mhadhiri akaisahihisha mahali pake na kumpa 15, daftari litaendelea kuonyesha sufuri mpaka kufuli hiyo iondolewe. Ni salama zaidi kuiandika sufuri katika kazi yenyewe, ijapokuwa ni mwendo mrefu.

Herufi za matokeo nazo zina mtego. Kipimo kinachokuja na Moodle huanzia A kwenye 93, na 71 hukipa C yenye alama ya kutoa. Katika vyuo vingi vya Kenya 70 na zaidi ni A. Kipimo hiki hubadilishwa mara moja kwa somo zima, lakini asiyekibadilisha huwatia wanafunzi wake hofu bure.

Mwishoni alama hupakuliwa kuwa lahajedwali ili zipelekwe kwa watahini. Huko kisanduku kitupu hugeuka kuwa kistari. Kanuni ya jumla ya lahajedwali hukiruka kistari hicho, na matokeo yake ni sawa na sufuri. Kanuni ya wastani nayo hukiruka, lakini hugawanya kwa idadi ya alama zilizopo tu. Kistari kile kile, katika safu mbili zinazopakana, husomwa "hakuleta" upande mmoja na "hajaleta" upande wa pili.