Chumvi ya Jikoni na Homoni ya Mama Mjamzito

Rafu ya chumvi katika maduka makubwa ya jiji la Nakuru, hasa yale yanayotegemewa na wakaazi wa Milimani na mitaa jirani, si ile ya miaka iliyopita. Kando ya pakiti nyeupe inayojulikana na kila mtu, sasa kuna chumvi ya rangi ya waridi, chumvi ya bahari yenye chenga kubwa na chumvi za kusaga mezani. Bei yake ni ya juu, na wengi huzinunua wakiamini kwamba kwa kuwa ni za asili, basi ni bora kwa afya. Kwingineko katika kaunti wapo wanaonunua chumvi ya kupimiwa kutoka gunia lililo wazi, au wanaochota kidogo kwenye mfuko wa chumvi ya ng'ombe. Nyumba hizi hazilingani kwa mapato. Hata hivyo, huenda zote zinakosa kitu kimoja, nacho ni iodini.

Iodini ni madini ambayo majirani zetu wa Tanzania huyaita madini joto. Mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana, mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na kazi yake kubwa ni moja: kutengeneza homoni za tezi iliyo mbele ya shingo.

Homoni ni kama ujumbe unaosafirishwa na damu kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Kila homoni hutengenezwa kutokana na malighafi fulani. Insulini, inayodhibiti sukari, ni protini, na mwili huijenga kutokana na protini tunayokula kwenye maharagwe, ndengu, nyama, mayai na maziwa. Homoni za uzazi hutokana na kolesteroli, ambayo ini lenyewe hutengeneza, kwa hivyo hakuna haja ya kuitafuta. Mtu anayekula mlo wa kawaida wenye mchanganyiko mzuri hupata sehemu kubwa ya malighafi hizi bila kufikiria. Ndiyo sababu poda na chai zinazouzwa mjini na kwenye simu kwa ahadi ya "kusawazisha homoni" zinafaa kutiliwa shaka: muuzaji hasemi ni homoni gani, wala ilipimwa vipi.

Homoni ya tezi ni tofauti. Homoni kuu inayotolewa na tezi hiyo ina chembe nne za iodini ndani yake. Mwili hauwezi kutengeneza iodini, na hauwezi kutumia madini mengine badala yake. Isipoingia kwa mdomo, homoni haitengenezwi. Ubongo unapogundua kwamba homoni imepungua, huiamuru tezi ifanye kazi zaidi. Tezi nayo hukua ikijaribu kunasa kila chembe ya iodini inayopita kwenye damu, na shingo huvimba. Uvimbe huo ndio goita, au rovu.

Wazee wa nyanda za juu wanaikumbuka vizuri. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1960 uligundua kwamba goita ilikuwa jambo la kawaida katika sehemu nyingi za milima ya Kenya. Sababu ni udongo. Mvua ya miaka mingi huosha iodini kutoka kwenye miteremko na kuipeleka hadi baharini. Mahindi, viazi na mboga zinazomea katika udongo uliooshwa huwa na iodini kidogo, hata zikiwa na afya na rangi nzuri. Shamba linaweza kutoa mavuno mengi Molo au Olenguruone na bado likakosa madini haya. Samaki wa maji baridi, kama wale wa Ziwa Naivasha, ni chakula kizuri cha protini lakini kwa iodini hawafikii samaki wa baharini.

Serikali ilichagua chumvi iwe njia ya kurekebisha hali hiyo kwa sababu kila nyumba huitumia, kila siku, kwa kiasi kinachokaribiana. Kuongeza iodini kwenye chumvi ya chakula kulifanywa kuwa lazima kupitia kanuni za mwaka wa 1978 zilizo chini ya Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Chumvi nyingi ya Kenya huvunwa pwani, katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, Kaunti ya Kilifi, kisha hunyunyiziwa iodini kiwandani kabla ya kupakiwa.

Hapo ndipo wengi hukosea. Husema: kama bahari ina iodini, basi chumvi ya bahari inatosha. Sivyo. Maji ya bahari yanapokauka juani, karibu iodini yote hubaki nje ya chumvi. Chumvi ya bahari isiyoongezwa iodini haina cha kutegemewa, na chumvi nyingi za rangi ya waridi, ambazo huchimbwa kwenye miamba, zina hali hiyo hiyo. Rangi yake hutokana na chembechembe za madini mengine, hasa chuma, na kwa kiasi kidogo mno kuweza kumsaidia mlaji.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kila kilo humpa mtu mikrogramu 150 katika gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Gramu 5 ndicho kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikifikie kwa siku, kwa ajili ya shinikizo la damu. Kwa hivyo ushauri wa kupunguza chumvi na ushauri wa kutumia chumvi yenye iodini havipingani. Mwenye presha apunguze chumvi kama alivyoelezwa na daktari, lakini ile kidogo anayotumia iwe na iodini.

Anayehitaji kuangaliwa zaidi ni mwanamke mjamzito. Mahitaji yake hupanda hadi mikrogramu 250 kwa siku, na hubaki hapo anaponyonyesha. Katika miezi mitatu ya kwanza, tezi ya mtoto tumboni bado haijaanza kufanya kazi. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Mama akiwa na upungufu mkubwa wakati huo, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na akili na usikivu uliodhoofika, madhara ambayo hayarekebishiki baadaye. Hata upungufu wa wastani unaweza kupunguza uwezo wa mtoto wa kujifunza, bila mtu yeyote shuleni kutambua chanzo chake.

Shida ni kalenda. Wanawake wengi huenda kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imepita miezi mitatu. Wakifika, hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, ambavyo ni muhimu sana na havifai kuachwa, lakini vidonge hivyo havina iodini. Hakuna kituo cha afya kinachoweza kurudisha nyuma wiki zilizopita. Iodini ya wiki hizo ilitoka jikoni, au haikutoka popote. Hii ndiyo sababu pakiti ya chumvi inamhusu kila msichana na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, hata kama hana mpango wa mtoto mwaka huu.

Katika kununua, chagua chumvi iliyofungwa, yenye alama ya KEBS, na ambayo maandishi yake yanasema imeongezwa iodini. Chumvi ya mifugo haikupimwa kwa mahitaji ya binadamu, hivyo iachiwe mifugo. Magadi yanayolainisha githeri si chumvi na hayana nafasi ya iodini. Isitoshe, mara nyingi hubeba floridi, na visima vingi katika Bonde la Ufa tayari vina floridi ya kupita kiasi. (Floridi ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Baadhi ya watu huichanganya na iodini, lakini ni vitu viwili mbalimbali.) Nyumbani, chumvi iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua, unyevu na mvuke wa sufuria, kwa maana iodini hupotea polepole. Kuitia chakula kikikaribia kuiva pia husaidia kuihifadhi.

Maziwa na mayai huongeza kiasi fulani, ingawa hutegemea ng'ombe au kuku alilishwa nini. Mboga za jamii ya kabeji, sukuma wiki ikiwemo, na mihogo zina kemikali zinazoweza kuizuia tezi kunasa iodini. Habari hii imewatia watu hofu isiyo na msingi. Mboga zikipikwa, na chumvi ikiwa na iodini, hakuna sababu ya kuacha sukuma wiki. Protini, madini ya chuma na seleniamu nazo zinahitajika ili tezi ifanye kazi yake vizuri, na mwanamke mwenye upungufu wa damu anaweza kuwa na tezi iliyolegea hata akiwa na iodini ya kutosha.

Wala si vyema kupita kiasi. Iodini nyingi pia huvuruga tezi. Hakuna haja ya kununua matone au vidonge vya iodini bila kuagizwa na mhudumu wa afya, na dawa ya iodini ya kupaka kwenye vidonda isinywewe kamwe.

Uvimbe wa shingo uliokwisha kuonekana usitibiwe kwa chumvi peke yake. Goita ina sababu nyingine pia, zikiwemo vinundu, tezi inayofanya kazi kupita kiasi, na mara chache saratani. Anayeona uvimbe, anayehisi baridi na uchovu usioisha, anayeongezeka uzito huku hamu ya chakula ikipungua, anayefunga choo mara kwa mara, au aliyebadilika hedhi bila sababu, aende katika kituo cha afya kilicho karibu aeleze dalili zake. Kipimo cha damu huonyesha kama homoni ya tezi imepungua au imezidi, na vituo visivyo na kipimo hicho vinaweza kumpa mgonjwa barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Mjamzito ambaye amewahi kutibiwa tezi amweleze muuguzi siku ya kwanza ya kliniki, kabla ya kuulizwa, na asiache dawa zake kwa sababu ya mimba.