2,147,483,647: Namba Tasa ya Euler

Mwaka 1772 Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi aliyeishi Saint Petersburg nchini Urusi, alikuwa karibu kipofu kabisa. Ni mwaka huohuo alipothibitisha kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Angewezaje? Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushei. Chini ya hapo zimejaa namba tasa zaidi ya 4,700, na kuzijaribu zote kwa mkono ni adhabu. Euler aliangalia kwanza namba yenyewe imejengwaje. Ni 2 kwa kipeo cha 31, ukatoa 1. Kwa umbo hilo, kigawo chake tasa chochote kikigawanywa kwa 248 lazima kiache baki ya 1 au 63. Sharti hilo moja linafyeka karibu orodha yote: namba zinazolitimiza hazifiki 400, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo hazina haja ya kujaribiwa. Huo ndio utamu wa hisabati, kujua pa kutotafuta.

Namba za umbo hili zina jina la mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliyechapisha mwaka 1644 orodha ya zile alizodai kuwa ni tasa. Kipeo kisipokuwa tasa, namba nayo si tasa. Lakini kipeo tasa peke yake hakitoshi: 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1, ni 2,047, yaani 23 mara 89. Mersenne alipatia kwa 31, akakosea kwa 67.

Ukiizidisha namba ya Euler kwa 2 yenye kipeo cha 30, unapata namba timilifu ya nane, 2,305,843,008,139,952,128. Vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha ileile, kama 1, 2 na 3 vinavyotoa 6. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba kubwa kuliko hiyo haitapatikana, kwa kuwa namba hizi hazina faida na hakuna atakayejisumbua kuzitafuta. Mwaka 1883 Mrusi Ivan Pervushin alithibitisha kwamba kipeo cha 61 nacho hutoa namba tasa, na namba timilifu ya tisa ikapatikana.

Namba ya Euler nayo ikapata kazi. Kwa mfumo wa kompyuta wa 0 na 1, huandikwa kwa 1 thelathini na moja mfululizo, na ndiyo kikomo cha hesabu ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi. Mwaka 2014 idadi ya mara ambazo wimbo wa “Gangnam Style” ulitazamwa kwenye YouTube ilikipita. Kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 zitakifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata zitasoma Desemba 1901.

Dawa ni kuhamia biti 64, ambako kikomo ni 2 kwa kipeo cha 63, ukitoa 1. Hiyo si tasa: 63 hugawanyika kwa 3, kwa hiyo namba nzima hugawanyika kwa 7.