Kioo cha pembeni kinachotikisika: tukikaze mbele ya safari ya soko



Koperative nyingi ziko na kamioneti moja tu, tena ya kizamani, ndiyo inabeba maharagi, mihogo na kahawa mpaka soko. Barabara za mashimo zinalegeza vioo vya pembeni, ni kusema retrovizeri. Wengi wetu tunafunga kioo kwa kamba ya mpira wa tairi, basi. Kamba inazuia kioo kisianguke, lakini haizuii kutetemeka. Na mzigo ukijaa nyuma, kioo cha ndani hakionyeshi tena kitu. Shofere anabaki na vile viwili vya pembeni tu. Vikitetemeka, pikipiki inayokuja nyuma haionekani vizuri.

Kwanza tujue ni nini imelegea. Gari ikiwa imesimama, shika kioo, ukitikise polepole. Tuangalie sehemu tatu:

1. Kitako, pale kioo kinaposhikana na mlango. Kama chote kinacheza, fungua mlango, angalia ndani kwenye pembe ya mbele ya dirisha. Mara nyingi kuna kifuniko cha plastiki cha pembe tatu. Kitoe kwa turnevisi iliyofungwa kitambaa. Chini yake kuna visi ao bulo. Weka rondela ya springi kwa kila moja, juu zisilegee tena, kisha zikaze kidogo kidogo kwa zamu. Usikaze kwa nguvu kama ya tairi: plastiki itapasuka. Kama visi inazunguka bila kushika, tundu limekwisha meno. Weka bulo ndefu kidogo na ekru nyuma yake.

2. Kiungo cha mkono, pale kioo kinapokunjwa. Kaza visi yake mpaka mkono uweze kukigeuza, lakini upepo usiweze. Usitie mafuta hapo, maana kitateleza.

3. Kioo chenyewe ndani ya nyumba yake. Kama kimebanduka, futa vumbi, kausha, paka gundi ya silikoni nyuma, funga na utepe, acha siku nzima. Usipake gundi kwenye kifundo kinachogeuza kioo. Kama kimepasuka, tubadilishe.

Kazi ikiisha, shofere akae kwa kiti chake, apange vioo: aone ubavu wa gari kidogo tu, na barabara ya nyuma kwa wingi. Kisha mwanamemba mmoja atembee toka nyuma ya gari mpaka mlangoni, kila upande. Pale shofere anaposema "sikuoni", ndipo pikipiki inaweza kujificha. Hapo anapaswa kugeuza kichwa kila mara mbele ya kukata kona ao kupita gari ingine.

Kwa magari yenye usukani kuume, tuangalie zaidi kioo cha kushoto. Huku kwetu tunatembea kuume kwa barabara, kwa hiyo wenye kutupita wanatokea upande ule ulio mbali na shofere.

Tuandike vioo kwenye orodha ya kila juma, pamoja na mafuta, maji na tairi. Shofere akisema kioo kinacheza, gari isitoke, hata kama magunia yamekwisha pakiwa. Soko litangojea, mtu aliyegongwa hatarudishwa na bei ya maharagi.